Mashine ya Mguu wa Baba

Madereva wa malori pale Malaba wana maneno mengi juu ya Leonida, na mengi yao hayasemeki kanisani. Wanasema ana mdomo. Wanasema mumewe, Emong, ameshatengewa kiti mbinguni kwa uvumilivu. Lakini foleni ikirudi nyuma hadi Amagoro, jua la saa nane likichoma, na mtambo wa baridi wa lori la samaki ukigoma ghafla, ni huyo huyo mwenye mdomo wanayemtafuta. Huja kwa miguu, mkoba wa spana begani, na kabla hajasalimu mtu ameshaanza kugomba.

"Gesi imeisha tu, mama fundi," dereva humwambia. "Jaza, twende."

"Gesi haiishi. Kwani ni soda? Ikipungua ujue imetokea mahali. Nijaze bila kutafuta tundu, samaki wako waozee Tororo, halafu unipigie simu ya matusi?"

Ana miaka arobaini na sita, na ishirini kati ya hiyo ameitumia kufokea watu juu ya tundu. Mafundi wengine hujaza gesi, wakapokea chao, wakaenda. Yeye hupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, akainama, akangoja aone ni wapi kipovu kitavimba. Tundu kwanza, gesi baadaye. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kumchoma.

Alikuwa chini ya trela moja, mwezi wa sita, ujumbe wa Oduori ulipoingia kwenye simu. Oduori ni mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi kule kwao Namboboto, na ndiye mwenye kusimamia kikundi cha familia cha WhatsApp, kazi anayoifanya kwa bidii kuliko ya ualimu. "Dada, tumekubaliana wote," aliandika. "Tunamnunulia mzee mashine ya ozoni ya kutibu mguu akiwa nyumbani. Wewe ndio fundi wa familia. Tuchagulie nzuri." Chini yake zilifuata picha tatu za mashine na video moja.

Mzee mwenyewe ni Paulinus, baba yao, fundi cherehani. Miaka arobaini alikaa kwenye baraza ya duka moja sokoni Funyula akikanyaga cherehani, na nusu ya watoto wa eneo lile la Samia wamevaa sare alizoshona yeye. Ana ugonjwa wa sukari. Tangu kabla ya Krismasi alikuwa na kidonda mguu wa kulia, kidonda kisichotaka kupona. Zahanati walimwambia aende hospitali kubwa, akakataa. Jirani yake Oundo aliingia hospitali na kidonda cha kidole, akatoka bila mguu, na mahindi hayajakomaa wakawa wamemzika. Kwa hiyo mzee akitajiwa hospitali alikuwa na jibu moja tu. "Nakanyagia cherehani na mguu gani?" Na watoto wake sita, watu wazima wote, wakanywea.

Basi Oduori alipoona video ya bwana mmoja wa nchi ya mbali, amevaa koti jeupe, anatia mguu wa mgonjwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuujaza hewa ya ozoni, na wiki chache baadaye kidonda kimefunga bila kisu, kikundi kizima kilishangilia. Dawa isiyokata. Dawa ya kuchomeka ukutani. Kwa nini hatukujua mapema?

Leonida aliitazama video hiyo amelala chali chini ya trela, na hasira ikampanda hadi masikioni. Ozoni aliijua. Kabla ya kuolewa Malaba alifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha maji ya chupa upande wa Busia, na mashine ya ozoni ya kuulia vijidudu ndani ya maji ilikuwa chini ya mkono wake. Siku moja bomba lilichomoka ndani ya chumba kilichofungwa. Alisikia ile harufu kali ya baada ya radi kupiga, akavuta pumzi mbili tu, na kwa siku kumi na moja alikohoa kifua kikiwaka pilipili. Akaandika kwenye kikundi: "Hiyo gesi ukiivuta ni sumu. Nani amewaambia inaponya kidonda?"

Alijibiwa na picha kumi na moja za mikono ya kuomba. Kisha Oduori: "Dada, usiwe mtu wa kupinga kila kitu. Kama hutaki kuchagua, mimi nitaagiza mwenyewe."

Hapo ndipo alipompata. Oduori aagize mashine! Huyu ndiye aliyevuka mpaka akarudi na friji nzuri ya milango miwili, wakaichomeka, wakangoja siku mbili, na Leonida alipokuja kuitazama nyuma akakuta imeng'olewa mtambo wote. Alinunua kabati. Bado lipo nyumbani kwake, anawekea vitabu vya shule. Mtu kama huyo ukimwachia achague kitu cha kumfunga baba mguuni, utakuwa umemzika baba kwa mkono wako. Leonida akaandika kwa kidole chenye grisi: "Usiguse kitu. Nitachagua mimi."

Ukimuuliza leo atakuambia alifanya hivyo kumlinda baba yake. Ni kweli, lakini si yote. Kati ya watoto sita wa Paulinus hakuna mwingine anayejua mashine, na hilo lilimpendeza.

Wiki tatu zilipita akiuliza bei, akisoma karatasi za maelezo, akipigia mafundi wa Kampala. Jumatano moja akaenda Busia, duka la Hasifa, mama wa makamo anayeuza vifaa vya kliniki: vitanda, mizani, vipima presha. Hasifa alimpangia mashine tatu juu ya meza.

"Hii ndogo nyeupe," akasema, "watu wa hoteli wananunua ya kuosha mboga na kuku. Siwezi kukudanganya ni ya mguu."

"Na hii kubwa?"

"Hii ndio inatoka sana. Wenye wameona kwa simu wanaulizia hii."

Ilikuwa na kioo cha buluu kinachoandika namba, na alama za hospitali pande zote mbili. Leonida akaiwasha. Kioo kikaandika sitini. Akapunguza hewa, sitini. Akaongeza hadi mwisho, sitini. Akachomoa bomba kabisa, mashine ikabaki inavuma peke yake, na bado kioo kikasema sitini. Akatoa bisibisi, akafungua mgongo. Waya wa kile kioo ulikuwa umeungwa kwenye swichi tu, haukupima chochote, na ndani mlikuwa na kijibomba kile kile cha mashine ya mboga.

"Umeona huu wizi?" alimwambia Hasifa. "Mtu ana baba yake anaoza, anauziwa taa."

Hasifa alichungulia ndani, akaitoa mashine ile mezani akaiweka sakafuni. Leonida alimheshimu kwa hilo.

Ya tatu ilikuwa sanduku la chuma, zito, baya la sura, halina kioo. Ilitaka oksijeni safi kutoka kwenye silinda, kwa sababu ukiilisha hewa hii ya kawaida hutoa na moshi mwingine mbaya pamoja na ozoni. Mabomba yake yalikuwa ya silikoni. Ilikuja na mkebe wa kuua gesi iliyobaki kabla haijatoka chumbani. Leonida akaizunguka mara mbili bila kusema neno, na kwa mtu anayemjua hiyo ni sifa kubwa.

"Niletee raba bendi," akasema. "Tatu. Na mifuko ya nailoni. Na ufungue mlango na hiyo dirisha, usimame huko nje."

Alizivuta zile raba kwenye vijiti, kila moja ikawa imekazana, akaziweka kila moja ndani ya mfuko wake, akafunga na kujaza gesi ya kila mashine, lile sanduku akiliunga kwenye silinda ya oksijeni ya pale dukani. Kule kiwandani walijua kwamba ozoni hula raba iliyovutwa. Viungo vya mpira walikuwa wakivibadilisha kila mara. Mfuko wa mashine ya mboga, robo saa, raba nzima. Mfuko wa mashine ya kioo cha buluu, robo saa, raba nzima. Mfuko wa sanduku la chuma haukufika dakika tatu. Raba ilianza kupasuka vinyufa, ikakatika.

Leonida akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita alijisikia vizuri. "Hii ndiyo mashine," akasema.

Hasifa alikuwa amesimama mlangoni amejiziba pua na mtandio. "Sawa, dada. Lakini kama inakata raba namna hiyo, nyama ya mzee itaiacha?"

Swali hilo lilikuwa la Leonida mwenyewe. Aliliuliza kwa maneno mengine kwenye kikundi wiki tatu nyuma, akiwa bado na akili, kabla hajaanza kupenda mashine. Kulisikia likitoka kwa mtu mwingine kulimuudhi sana.

"Mimi nauza vifaa, uzima siuzi," Hasifa akaendelea kwa upole. "Lakini lazima nikuulize. Mfuko wa kuingiza mguu uko saizi tatu. Kidonda kiko upande gani? Juu, chini, kwa vidole? Mguu umevimba kiasi gani?"

Leonida akatoa simu.

Akampigia Oduori, simu ikiwa juu ya meza, sauti nje. "Kidonda cha mzee kiko wapi?"

"Si kwa mguu, dada."

"Mahali gani kwa mguu?"

"Wa kulia," Oduori akasema.

"Oduori, nimekuuliza mahali."

"Sasa dada, mzee anajifungaga mwenyewe. Muulize Vivianne, yeye ndio huwa hapo nyumbani."

Vivianne ni mke wa Oduori. Yeye alijibu polepole, kama mtu anayehesabu kila neno. "Dada, mimi ni mke wa mtoto wake. Chumba chake siingii, unajua. Kila asubuhi naweka maji ya moto na chumvi hapo mlangoni, nakohoa, narudi. Yeye anajioshea. Lakini kuna harufu. Nilimwambia baba watoto kuna harufu, akasema ni dawa."

Leonida aliwapigia na wale wengine wanne, mmoja baada ya mwingine, huku Hasifa akipanga upya vipima presha ambavyo vilikuwa tayari vimepangwa. Wa Nairobi hakujua. Wa Matayos hakujua. Wote walikuwa wamechanga, wote walikuwa wametuma mikono ya kuomba, na hakuna hata mmoja aliyejua kidonda kiko juu au chini ya mguu. Miezi saba! Wiki tatu wanajadili mabomba ya kitu ambacho hakuna mtu amekiona.

"Usiifunge," alimwambia Hasifa. "Narudi." Akaondoka akiwa amekasirika kiasi kwamba alisahau bisibisi yake mezani.

Alifika Namboboto saa tisa. Kitu cha kwanza kukiona uani kilikuwa waya. Oduori, ambaye nyumba yake ina stima, alikuwa ameshavuta waya mpya kutoka kwake, akaupitisha juu ya miti miwili, akauingiza dirishani kwa baba, tayari kwa mashine. Kazi safi kabisa. Soketi nyeupe imefungwa ukutani karibu na kitanda, bado ina karatasi yake. Waya ulifika hadi kwa mguu wa mzee, na mwenye waya hakuinama kuutazama.

Mzee Paulinus alikuwa ameketi kitandani, tepu yake ya kupimia imening'inia shingoni kama kawaida, mguu juu ya stuli. "Umeleta mashine?" akauliza.

"Nimekuja kupima mguu, Baba. Wanataka saizi."

"Hilo ni jambo la maana." Akaivua tepu akampa. "Usivute sana. Acha nafasi ya kidole."

Leonida akapiga magoti. Bendeji ilikuwa nyeupe pee. Mzee alikuwa akizikata mwenyewe kutoka shuka kuukuu, akazikunja pindo pande zote mbili kwa cherehani, akazifua, akazipiga pasi. Mishono ilikuwa midogo na imenyooka, na fundo lilikaa sawasawa juu ya kifundo cha mguu. Ukiiangalia unasema huyu mtu yuko kwenye mikono salama. Akapima kifundo, akapima urefu wa wayo, akasoma inchi. Kazi ilikuwa imekwisha. Angeweza kusimama akampigia Hasifa.

Ndipo mkono wake ukakataa. Ni mkono uliozoea povu la sabuni, na haujawahi kujaza gesi mahali ambapo haujaona tundu.

"Baba, nifungue nione."

"Hapana. Nimefunga asubuhi."

"Nitafunga tena."

"Wewe huwezi kufunga hivi. Na si kazi ya binti kuona mguu wa baba yake unaonuka. Umepima, nenda."

"Umesema mwenyewe unanuka," Leonida akasema, na sauti yake ikapanda hadi Vivianne akasikika nje akiweka sufuria chini. "Miezi saba unatufungia zawadi, Baba. Pindo, pasi, fundo. Leo nafungua, hata ukinilaani."

Mzee akageuza uso ukutani, upande wa ile soketi mpya.

Leonida aliifungua bendeji mzunguko kwa mzunguko. Nyeupe, nyeupe, ya manjano, kisha ya rangi asiyotaka kuitaja. Harufu ikatoka, akaitafuna ndani ya meno akaendelea. Juu ya mguu palikuwa safi. Hapo ndipo macho ya mzee yalipofika, napo alipaosha kila siku kwa maji ya Vivianne. Kidole kidogo na mwenzake vilikuwa vyeusi, na kidonda hicho cha vidole ndicho pekee mzee alichokijua. Akashika kisigino, akakiinua taratibu, akageuza wayo uelekee dirishani.

Tundu lilikuwa chini. Palepale nyuma ya vidole, upana wa kifuniko cha soda, kingo zake nyeupe na ngumu. Mzee wa miaka sabini na nne, magoti yamekaza, hawezi kuinama akaona wayo wake, na sukari imeua maumivu yote hivi kwamba hakujua pana shimo. Leonida akawasha tochi ya simu. Ndani kabisa ya shimo kitu kikang'aa.

"Baba, ulivunja sindano lini?"

"Sindano zinavunjika kila siku. Kwa nini?"

"Unakanyaga cherehani na viatu?"

"Nani anakanyaga cherehani na viatu? Utaisikiaje mashine?" Akageuka. "Kwani kuna nini?"

Ilikuwa ncha ya sindano ya cherehani. Iliingia Novemba, msimu wa sare za shule, mzee akiwa pekupeku kwenye baraza yake, na hakuisikia. Miezi saba aliikanyaga akienda chooni, akienda kanisani, akikanyaga cherehani kushona pindo za bendeji ya kuifunika. Leonida hakuigusa. Alifunika mguu kwa kitambaa safi, akatoka uani, akapigia mtu wa teksi Funyula. Kisha akapigia shule, akamwambia mwalimu mkuu amtoe Oduori darasani hata kama ni mtihani wa taifa. Safari hii mzee, alipoambiwa ni sindano yake mwenyewe, aliingia kwenye gari bila kutaja cherehani.

Hospitalini waliupiga mguu picha, wakaiona sindano, wakaitoa. Waliondoa na vile vidole viwili. Mguu ulibaki. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alitoka akawakuta ndugu kwenye benchi wamejipanga.

"Nani amekuwa akisafisha kile kidonda?" akauliza.

Benchi zima likatazama viatu.

"Mngekaa wiki mbili tatu hivi, singeongea na nyinyi juu ya vidole. Ningeongea juu ya mguu, ama juu ya mzee mwenyewe."

Leonida akamuuliza juu ya ozoni. Aliuliza kwa sababu alitaka Oduori asikie. Daktari akajisugua uso. "Mama, hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba ingemponya, na mkiivuta ndani ya nyumba inaharibu mapafu. Lakini hata ingekuwa dawa ya malaika, ile sindano ingetoka na nini?"

Daktari alipoondoka, Leonida akasimama mbele ya mdogo wake. Alikuwa amezitunza hasira zile tangu Busia.

"Vivianne alizuiwa na mila," akasema. "Na bado yeye ndiye alileta maji, na yeye ndiye alisema kuna harufu. Wewe ulizuiwa na nini? Wewe ni mwanawe. Unalala hatua hamsini kutoka kwa mguu wake. Ulipanda mti kufunga waya, Oduori. Kupanda mti uliweza, kupiga magoti ukashindwa. Ulitaka mashine iguse ili wewe usiguse."

Watu wa benchi la pili waliacha mazungumzo yao. Oduori aliyapokea yote ameinama. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa, lakini hakuwa mtu wa kupigwa tu.

"Kweli dada, mimi niliogopa," akasema. "Hiyo harufu iliniogopesha. Lakini Pasaka ulikuja. Ulikaa kwa stuli karibu na yeye, ukashika hiyo bendeji na mkono wako. Unakumbuka ulisema nini? Ulisema, 'Baba, hata hospitali hawashoni pindo hivi.' Mzee alifurahi siku tatu."

Leonida alienda akasimama kwenye mlango wa wodi, mgongo kwa ndugu zake, na hasira aliyokuwa akiwatupia wengine ikamrudia yote. Ni yeye wa tundu kwanza. Ni yeye aliyeshika kiungo chenye tundu mkononi, akasifia rangi.

Mzee alirudi nyumbani Agosti. Mguu ulitakiwa kuoshwa na kutazamwa kila siku, juu na chini, bila kukosa. Leonida alinunua kioo cha saluni chenye mpini, ili mzee ajionee wayo mwenyewe. Alipopita kwa Hasifa kuchukua bisibisi yake, lile sanduku la chuma lilikuwa bado liko mezani.

"Nikuwekee?" Hasifa akauliza.

"Wauzie wenye maji ya chupa," Leonida akajibu, akampa habari za mguu. Hasifa alikataa kupokea shukrani, akasema yeye aliuliza saizi tu.

Oduori alichukua kazi ya kuosha. Wiki ya kwanza alitapika mara mbili, akaendelea. Kila jioni alituma picha ya wayo kwenye kikundi, na Leonida akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kila pembe kabla hajala. Kidonda kilikuwa kinafunga. Mikono ya kuomba ikajaa tena.

Kisha, Alhamisi moja ya Septemba, picha ikaja tofauti. Ilikuwa bendeji. Nyeupe, mpya, pindo pande zote mbili. Mzee alikuwa amerudi kwenye cherehani, anakanyaga kwa mguu wa kushoto. "Mzee leo amejifunga mwenyewe," Oduori aliandika. "Anaendelea poa kabisa." Wa Nairobi akajibu, "Mungu ni mwema." Wa Matayos akasema pindo limetulia.

Leonida alikuwa kando ya lori la maziwa, povu la sabuni limeshapakwa kwenye bomba, anangoja kipovu. Akaandika neno moja. "Fungua."

Hakuna aliyejibu. Akangoja, povu likakauka. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mama fundi, si ujaze tu twende?"

Akampangusia bomba, akafunga mkoba, akamwambia atafute mtu mwingine au angoje kesho, na matusi aliyorushiwa mgongoni hakuyajibu, jambo ambalo madereva walilizungumza hadi jioni.

Saa kumi na moja alikuwa Namboboto, amepiga magoti sakafuni, mguu wa baba yake juu ya paja lake.

"Kwani hukuona picha?" mzee akauliza.

"Niliona bendeji, Baba," Leonida akasema, akaanza kulegeza fundo.